Jibu: Umri wa ndege ya kivita hautazamwi kwa miaka pekee

Assalaam alaykum, ndugu yangu. Umeuliza kwa nini Marekani ingali inarusha B-52, ndege zake kubwa za kudondosha mabomu, ambazo ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1962, badala ya kununua mpya. Mimi ni fundi wa ndege ndogo za abiria hapa Kisauni, si za kivita, lakini cha kutazama kwanza ni kile kile: bodi, yaani kiunzi cha ndege chenyewe. Injini hubadilishwa, na B-52 zimepangiwa mpya za Rolls-Royce. Rada na nyaya nazo hubadilishwa. Lakini mihimili ya bodi ikishachoka kwa kupaa na kutua, au ikaliwa na chumvi ya bahari, ambayo ndiyo adui wetu mkubwa sisi tunaohudumia ndege za Pemba, matengenezo huanza kushinda bei ya ndege.

Novemba 2007, ndege ya kivita aina ya F-15C ilikatika angani Missouri kwa ufa wa mhimili uliotengenezwa mwembamba kuliko vipimo, nayo ilikuwa changa kuliko B-52 yoyote.

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha bei, uliza saa za kuruka, idadi ya kutua, na iwapo vipuri bado vinatengenezwa. Jeshi likianza kuchinja ndege nzima ili kupata vipuri vya nyengine, kwa maoni yangu wakati wa kuzistaafisha umefika.