Vinia (kigamba chembamba cha kubandikwa mbele ya jino) au krauni (kofia ya kufunika jino lote) kwa jino la mbele lenye rangi mbaya?

Inategemea jino limebaki na nini. Kama ni zima na shida ni rangi tu, vinia inatosha: jino huchongwa takriban milimita 0.3 hadi 0.7, upande wa mbele pekee. Ila gundi yake hushika vizuri kwenye enameli, tabaka gumu la nje la jino. Uchongaji ukifika dentini, tabaka laini zaidi lililo chini yake, au jino likiwa limezibwa sehemu kubwa, vinia hubanduka mapema. Hapo weka krauni, ingawa jino litachongwa pande zote, milimita 1 hadi 2. Unasaga meno usingizini? Vinia ikishawekwa, tengenezewa kilinda meno cha kulalia, la sivyo inaweza kumegeka.