"Nimekubali, lakini": neno lililonikosesha mashine

"Nimekubali, lakini nipunguzie kidogo." Maneno hayo niliyaandika kwenye simu usiku mmoja, nikalala nikijua mashine ya kushonea ni yangu. Muuzaji alikuwa ameniandikia kila kitu: bei, namna ya kulipa na siku ya kuifuata. Bei ilinifaa. Nilikuwa tayari kuilipa yote, ila nimezoea kuomba punguzo, nikaomba.

Asubuhi kimya. Mchana nikamwandikia tena: "Basi sawa kaka, bei yako ile ile, nakuja kesho." Akajibu: "Samahani sana dada, nimeshamuuzia mtu mwingine."

Niliumia. Nilichapisha ujumbe wote karatasini nikaupeleka kwa wakili, nikiamini kwamba neno "nimekubali" limeshatufunga mimi na yule kaka. Wakili alisoma mara mbili, kisha akaweka kidole juu ya "lakini". "Hapa ndipo ulipoikataa ofa yake, yaani pendekezo lake la kuuza kwa masharti aliyoyataja," akaniambia. "Ukamtolea ofa yako mwenyewe, naye hakuijibu."

Sikutegemea jibu hilo, na ninaandika haya kwa sababu naona watu wengi tunaingia kwenye makubaliano bila kulijua. Mkataba hauhitaji muhuri wala karatasi ndefu. Kwa kawaida, mmoja akitoa ofa yenye masharti yanayoeleweka, mwingine akaikubali jinsi ilivyo, kila upande ukawa na kitu unachotoa, na wote wawili wakikusudia kufungwa na neno lao, basi mkataba upo. Zipo mali ambazo sheria hudai maandishi, ardhi hasa, lakini mengi ya kila siku hufungika kwa mdomo au kwa ujumbe wa simu.

Ugumu uko kwenye hayo maneno "jinsi ilivyo". Wakili alinisimulia kesi ya Hyde na Wrench ya Uingereza, mwaka 1840. Wrench alitaka kuuza shamba kwa pauni 1,000. Hyde akasema atatoa 950. Wrench akakataa. Siku mbili baadaye Hyde akarudi: haya, nalipa 1,000. Mahakama ikasema hakuna mkataba, kwa kuwa ile 950 ilikuwa imeshaizima ofa ya kwanza, na aliyeizima hawezi kuiwasha tena peke yake. Niliposikia hivyo nilijiona mimi mwenyewe humo.

Je, basi mtu asiulize chochote? La, na hapa ndipo pa kuwa makini zaidi. Kuuliza ni tofauti na kudai. Mwaka 1880, katika kesi ya Stevenson na McLean, muuzaji wa chuma alitoa bei ya shilingi 40 kwa tani na kuahidi kusubiri hadi Jumatatu. Wanunuzi wakamtumia telegramu kuuliza kama angekubali wachukue mzigo kidogo kidogo kwa miezi miwili. Hakujibu. Wakakubali bei yake ndani ya muda, kumbe yeye ameshauza kwingine. Walishinda. Mahakama iliona walikuwa wanauliza tu, hawakuikataa ofa. Kama ningeandika "Je, bei hiyo inapungua, au ndiyo ya mwisho?", ofa ingebaki hai, ingawa hata hapo muuzaji angeweza kuighairi kabla sijaikubali, mradi habari inifikie.

Ahadi ya "nakusubiri hadi Ijumaa" nayo usiilalie. Kwa sheria ya Kiingereza na nchi zilizoirithi, ahadi hiyo kwa kawaida haimfungi mtu isipokuwa umemlipa chochote ili asubiri. Ujerumani ni kinyume: aliyetoa ofa hufungwa nayo, isipokuwa amesema mapema kwamba haimfungi. Na Mkataba wa Vienna wa 1980 unaohusu mauzo ya bidhaa kati ya nchi na nchi unasema ofa iliyowekewa muda maalumu wa kujibiwa haighairiki. Kwa hiyo ukinunua kwa mtu wa nchi nyingine, uliza kwanza ni sheria ipi inawatawala.

Kimya pia kinapoteza watu. Mwaka 1862 mjomba mmoja, Felthouse, aliyetaka kununua farasi wa mpwa wake, alimwandikia kwamba asiposikia neno jingine atahesabu farasi ni wake. Mpwa hakujibu. Mahakama ikasema kimya chake hakikuwa kukubali, japokuwa moyoni alitaka kuuza. Ukitumiwa ujumbe wa "usipojibu nitajua umekubali", kwa kawaida haukufungi. Hata hivyo mimi sasa hujibu, maana nikianza kuitumia bidhaa au kupokea huduma, kitendo hicho kinaweza kuhesabiwa kuwa ndiyo yangu.

Na bei iliyobandikwa kwenye bidhaa dirishani, kwa sheria hiyo ya Kiingereza, si ofa bali ni mwaliko. Anayetoa ofa ni mnunuzi akifika kulipa.

Sikumshitaki yule kaka, hakunikosea. Miezi kadhaa baadaye ilipatikana mashine nyingine. Safari hii niliandika: "Ofa yako ya leo nimeikubali yote kama ulivyoiandika: bei hiyo, malipo siku ya kuchukua, Jumamosi." Nikasubiri. Akajibu, "Tumepatana." Hapo ndipo nikamuuliza, kwenye ujumbe mwingine kabisa, kama anaweza kunisaidia usafiri. Alisema hawezi. Nikaifuata mwenyewe Jumamosi.