Chagua saa moja: kwa anayeanza kujenga modeli ya Datsun 240Z ya Safari Rally

Kabla hujakata kipande hata kimoja, jibu swali hili: gari unalotaka kulijenga ni la saa ngapi? Sisemi la mwaka gani. Mwaka unaujua: 1971, Safari Rally ya 19, Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi na namba 11 mlangoni, Edgar Herrmann kwenye usukani na Hans Schüller pembeni akimsomea njia. Mimi nauliza saa. Gari lililoondoka limeng'arishwa halifanani na lile lililokuwa likipigwa na matope siku ya pili, na hilo nalo halifanani na lililofika mwisho likiwa limekwaruzwa. Tena lipo la nne, lile ambalo Nissan wanalo Japani na ambalo wafanyakazi wao walilifufua mwaka 2013. Bati ni lile lile, lakini kwa mjenzi hayo ni magari manne, na huwezi kuyajenga yote kwenye modeli moja.

Nilipoanza sikulijua hili. 240Z yangu ya kwanza ilinichukua miezi saba, na nilipoimaliza niliipenda sana. Baadaye nilianza kuilinganisha na picha, moja baada ya nyingine, na kila picha ilinikosoa kwa namna yake. Taa nilizofunga mbele nilizitoa kwenye picha ya gari la Safari ya 1973, lile la Shekhar Mehta na Lofty Drews lililokuwa na namba 1. Kimo cha gari kutoka ardhini nilikitoa kwenye picha ya mashindano ya Monte Carlo ya 1972, ambako Rauno Aaltonen na Jean Todt walimaliza wa tatu. Huko walikimbia kwenye lami, theluji na barafu. Mashimo ya kwetu hayakuwahusu, kwa hiyo hata kimo cha gari hakikuwa cha kwetu. Rangi ya magari hayo ni moja, umbo ni moja, nami niliyaunganisha nikajenga gari ambalo halikuwahi kuwepo.

Mtego mkubwa zaidi uko ndani ya mwaka huo huo wa 1971. Herrmann hakuwa peke yake na 240Z. Mehta na Mike Doughty walimaliza wa pili kwa gari kama lake, na Aaltonen akawa wa saba na jingine. Ukiona picha ya 240Z nyekundu kwenye vumbi na maelezo chini yake yanasema tu "Safari 1971", usiyaamini hadi uione namba ya mlangoni. Kama mlango hauonekani, tafuta kitu kingine cha kulitambulisha gari: namba pleti, mkwaruzo fulani, au bonde kwenye bati unalolifahamu kutoka picha nyingine. Usipopata chochote, iweke picha pembeni. Iangalie kwa kujifurahisha, lakini usijengee kwayo.

Mimi natumia mafaili ya karatasi, moja kwa kila gari, na ndani ya kila faili picha zimepangwa kwa kadiri gari lilivyochafuka. Gari la mashindano halirudi kuwa safi lenyewe. Likiwa na bonde kwenye madigadi picha hii, na picha ile halina, basi ile ilitangulia. Wakati mwingine mafundi hubadilisha kipande njiani, kwa hiyo usitegemee ushahidi wa kitu kimoja. Vitu vitatu vikikubaliana, andika nyuma ya picha kwa penseli: kabla, katikati, mwisho. Kazi hii huchukua wiki kadhaa, na wengi huiona kama kuchelewa kuanza. Kwangu mimi hapo ndipo modeli inapojengwa, na gundi inakuja kuthibitisha tu.

Kuna mambo mawili ya picha ambayo huwaponza wageni. La kwanza ni picha zilizogeuzwa. Wachapaji wa zamani waliweza kuiweka picha kinyume bila kujua, ukajikuta umehamisha usukani. Soma maandishi yoyote yaliyo kwenye gari au nyuma yake. Yakisomeka sawasawa, picha iko sawa. La pili ni picha nyeusi na nyeupe. Nyekundu hutoka kijivu kizito, na boneti nyeusi iliyopakwa vumbi inaweza kuonekana nyeupe kuliko madigadi. Usiamue rangi kwa picha hizo. Zitumie kwa umbo, kwa mahali taa zilipo, kwa mstari wa uchafu.

Sasa vipimo. Kwa 240Z, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 2305. Kwenye kipimo cha 1/24, yaani modeli iliyo ndogo mara 24 kuliko gari halisi, hiyo ni milimita 96 na nywele. Chukua kalipa, kile kipimio cha taya mbili, upime seti yako ya vipande vya plastiki kabla ya kugundisha chochote, kwa sababu kosa la hapo huonekana hata na mtu asiyejua magari. Ataliona gari limekaa vibaya na hatajua kwa nini. Halafu kimo. Seti nyingi zimetengenezwa kwa gari la barabarani, na gari la Safari linasimama juu zaidi ili lipite kwenye mawe na makorongo. Milimita 1 ya plastiki chini ya ekseli ni milimita 24 kwenye gari halisi. Kwa hiyo nyanyua kidogo kidogo. Weka tairi, simamisha gari kwenye kioo kilicho sawa, piga picha kwa simu kutoka ubavuni kwa pembe ile ile ya picha ya kale, kisha linganisha nafasi kati ya tairi na ukingo wa madigadi. Jicho peke yake linadanganya, hasa usiku ukiwa umechoka.

Kwenye rangi sitakaa sana. Praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, ikiwa ya kijivu huifanya nyekundu kuwa nzito, nyeupe huifanya ichangamke. Jaribu zote mbili kwenye kijiko cha plastiki kabla ya kugusa bodi. Aliye pwani aogope unyevu. Laka ikipulizwa hewa ikiwa na maji hutoka na ukungu kama imemwagiwa maziwa. Mimi napuliza saa nane mchana, siku ya jua, na msimu wa masika naacha kabisa na kushughulikia dashibodi na viti. Boneti ipake nyeusi isiyong'aa, kwa maana weusi ule ulikuwa na kazi: kuzuia jua lisimrudie dereva machoni. Stika za maji, zile zinazolowekwa kabla ya kubandikwa, ziwekwe juu ya vanishi inayong'aa, la sivyo hewa hunasa chini yake na namba 11 yako itazungukwa na weupe usiotoka.

Sasa vumbi na matope, mahali ambapo modeli nyingi nzuri huharibika.

Mjomba wangu amezaliwa karibu na Voi. Alipokuwa mtoto, Pasaka kwake ilikuwa ni kwenda barabarani tangu usiku na wenzake kusubiri magari ya Safari. Nilimpelekea modeli yangu ya pili nikiwa na hakika nayo. Nilikuwa nimeipuliza vumbi jekundu kuanzia bampa hadi nyuma, sawasawa, bila pengo. Akaishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akaisogeza dirishani. Akakaa kimya kwa muda. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu dereva alikuwa anaonaje?"

Sikumwelewa. Akaweka ukucha kwenye kioo cha mbele. "Vumbi limejaa hapa pote. Waipa zake zilikufa?" Akaigeuza tena na kunionyesha nyuma. "Na huku mbona pasafi kuliko mbele? Gari likipita kasi, vumbi lake lenyewe linageuka na kulifuata. Sisi tulikuwa tunaona magari yamepauka nyuma, huku mbele yametapakaa matope."

Alichosema mjomba ndicho kinachotokea kweli. Hewa inayopita juu ya gari huacha nafasi yenye msukumo mdogo nyuma, na vumbi linaloinuliwa na tairi huvutwa hapo na kubandika kwenye kioo cha nyuma na taa. Matope ni kitu kingine. Hayo hurushwa na magurudumu, kwa hiyo huanza nyuma ya tairi ya mbele, hupanda mlangoni kwa mshazari na kupungua kadiri yanavyokwenda nyuma. Kila uchafu una chanzo na mwelekeo wake. Kabla hujaweka tone, jiulize limetoka kwenye gurudumu lipi.

Kisha jiulize limetoka kwenye udongo upi. Udongo wa Taita na Tsavo ni mwekundu kama tofali. Ule wa tambarare za Athi na Kapiti ni mweusi, mzito, unaonata. Ukikauka unakuwa wa kijivu na kupasuka. Safari za miaka ile zilikimbiwa kwa maelfu ya kilomita, wakati wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimeanza, na gari liliweza kutoka kwenye tope jeusi na kuingia kwenye vumbi jekundu siku hiyo hiyo. Kwa hiyo uchafu huja kwa tabaka. Tope jeusi lililokauka likiwa chini, wekundu mwepesi ukiwa juu, ni gari lililotoka tambarare. Ukiupaka kinyume chake umelipeleka njia nyingine. Rudi kwenye picha za saa uliyoichagua na uzitazame vizuri.

Udongo halisi unafaa, na mimi natumia wa Voi wenyewe, ila usiutumie ulivyo. Punje ya mchanga ya milimita 1 kwenye modeli ya 1/24 ni jiwe la milimita 24. Mlango uliobandikwa mawe ya ukubwa huo haupo duniani. Ukaushe udongo juani, uutwange kwenye kinu kidogo, kisha uuchekeche kwa soksi ya nailoni iliyokunjwa mara mbili. Kinachopita ni unga laini unaoingia kwenye mistari ya vidole vyako. Uweke kwenye kichupa, uandike mahali ulipouokota. Tope ni unga huo pamoja na vanishi kidogo isiyong'aa na tone la thina. Vumbi ni unga mkavu unaopakwa kwa brashi laini na kushikishwa kwa ukungu mwembamba wa thina tu. Anza na kidogo kuliko unavyotaka. Ukishaweka tope jingi hutaliondoa bila kuiumiza rangi uliyoihangaikia mwezi mzima.

Kioo cha mbele nilikifanya upya kwa ajili ya mjomba, na hivi ndivyo ninavyokifanya hadi leo. Kata karatasi ya gundi, ile isiyoshika sana wanayotumia wapaka rangi wa nyumba, kwa umbo la tao ambalo waipa hulichora. 240Z ina waipa mbili, na matao yake yanaingiliana katikati. Yabandike juu ya kioo, bonyeza kingo kwa kijiti cha meno. Puliza vumbi jembamba, acha likauke, kisha weka matone machache ya tope upande wa chini, pale waipa zinapolala, maana huko ndiko zinakousukuma uchafu wote. Subiri dakika kumi. Shika ncha ya karatasi kwa kibano na uivute pole pole, ukiilaza nyuma badala ya kuiinua juu. Chini yake utakuta matao mawili safi, na kupitia hapo usukani utaonekana, na viti viwili, na sehemu ile ndogo ya kioo ambayo Herrmann alichungulia barabara.