Haki ya mfanyakazi huponea wapi, na hupotelea wapi

Swali lenu la wiki hii linauliza kama mahakama na mabaraza yanalinda kweli haki za mtu wa kawaida, au yanamlinda yule mwenye uwezo wa kumlipa wakili. Nitalijibu kwa upande ninaoufahamu, yaani migogoro ya kazi Tanzania Bara, kwa kuwa kwa miaka mingi nilikuwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi katika kiwanda kimoja mjini Morogoro, na nimewasindikiza wenzangu wengi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wafanyakazi wamezoea kuiita CMA. Jibu langu ni kwamba vyombo hivi vinalinda, tena kuliko wengi wanavyoamini, lakini wengi wanaokosa haki yao huikosa kabla hoja zao hazijasikilizwa, na wengine huikosa baada ya kushinda.

Nianze na palipo na ulinzi. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi anayelalamika kwamba ameachishwa kazi isivyo halali hana mzigo wa kuthibitisha kwamba hakufanya kosa. Mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na ya haki, na kwamba alifuata utaratibu wa haki katika kumwachisha. Kwa mtu ambaye nyaraka zote za kazi yake, kuanzia daftari la mahudhurio hadi faili lake la utumishi, zimo kabatini mwa mwajiri, kanuni hiyo ina uzito mkubwa kuliko hotuba yoyote kuhusu usawa mbele ya sheria. Hata masharti ya mkataba yanapobishaniwa, mwajiri akishindwa kuleta mkataba wa maandishi, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa.

Nakumbuka shauri la mlinzi wa zamu ya usiku aliyeachishwa kwa madai ya kulala lindoni. Ofisa rasilimali watu alikuja na muhtasari wa kikao cha nidhamu uliochapwa vizuri, wenye sahihi na mhuri, na sisi upande wa pili tukaanza kukata tamaa. Mwamuzi hakuuliza kwanza kama mlinzi alilala. Aliuliza hati ya mashtaka ilitolewa lini, akaonyeshwa kwamba ilitolewa asubuhi na kikao kikakaa mchana wa siku ileile, ilhali kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinataka mtuhumiwa apewe muda wa kutosha kujiandaa, usiopungua saa 48. Kisha akauliza nani aliongoza kikao. Ikabainika kwamba mwenyekiti alikuwa msimamizi yuleyule aliyeandika taarifa ya tuhuma. Tuzo, yaani uamuzi wa CMA, ilitoka kwa faida ya mlinzi, na mpaka leo wapo wanaosema alishinda kwa mambo ya kiufundi. Mimi siafikiani nao hata kidogo, kwani mtu aliyehukumiwa na mshtaki wake hajasikilizwa, na Katiba yetu, ibara ya 13(6)(a), inataka kila mtu asikilizwe kwa ukamilifu haki zake zinapoamuliwa.

Ulinzi mwingine usiojulikana sana unawahusu vibarua. Mwajiri husema, "Huyu hakuwa mfanyakazi wangu, alikuwa anakuja tu kunisaidia." Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inachukulia kwamba mtu ni mfanyakazi, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo lipo hata moja kati ya mambo kadhaa iliyoyataja: kwa mfano anafanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, anapewa vifaa vya kazi, au kwa miezi mitatu iliyopita amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi. Kibarua wa kupakia mizigo anayefika ghalani kila Jumatatu hadi Jumamosi huzipita saa hizo ndani ya wiki ya kwanza ya mwezi, ingawa hana karatasi hata moja yenye jina lake.

Sasa nije kwenye muda, ambako nimeona hasara kubwa zaidi. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanatakiwa kufikishwa CMA ndani ya siku 30. Madai mengine ya kazi yana siku 60. Mtu akiachishwa, siku zake za kwanza huishia kwenye mshangao na aibu, na zinazofuata huishia kwa wazee wa mtaa, kwa mjumbe, kwa mbunge kama yupo jimboni, na mara nyingi kwa meneja mwenyewe, ambaye anamwambia kwa upole, "Vuta subira, suala lako liko makao makuu." Akija kuzinduka, siku zimepita. Anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini Mahakama ya Rufani imekwisha kusisitiza mara nyingi kwamba anayechelewa lazima aeleze kila siku aliyochelewa, hata kama ni moja. Kusema kwamba ulikuwa unasubiri ahadi ya bosi si maelezo yanayokubalika kirahisi. Mwajiri naye ana haki ya kujua kwamba jambo limekwisha, hilo nalikubali. Ila muda mfupi hivyo unamfaa zaidi yule ambaye tayari ana mwanasheria ofisini.

Wengine hupotea kwa kugonga mlango usio wao. Mtumishi wa umma, kwa mfano, anatakiwa kwanza amalize njia za rufaa zilizowekwa na sheria ya utumishi wa umma, na akikimbilia CMA moja kwa moja shauri lake hutupwa, huku siku za rufaa yake halisi zikiendelea kuhesabika.

Kuhusu wakili, ambalo ndilo kiini cha swali lenu: sheria inamruhusu mlalamikaji kusimama mwenyewe au kuwakilishwa na chama chake, na tangu marekebisho ya mwaka 2021 lugha ya mahakama na vyombo vya utoaji haki ni Kiswahili, hivyo yapo mengi ambayo mtu anaweza kuyafanya bila wakili. Usuluhishi, yaani hatua ya kutafuta mapatano kabla ya uamuzi, hasa haumhitaji sana. Wakili huanza kuonekana faida yake linapoletwa pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria ya kutaka shauri litupwe kabla halijasikilizwa, na zaidi tuzo inapopelekwa Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kwa mapitio, yaani ichunguzwe upya, ambayo huombwa ndani ya wiki sita. Hapo ndipo vyama vya wafanyakazi vinapostahili kulaumiwa, kwani vinakata ada kwenye mshahara kila mwezi, lakini mwanachama akifika ngazi hiyo anaambiwa mwanasheria wa chama yuko safarini.

Sisemi kwamba mahakama zetu hazijui matatizo ya malango, yaani masharti yanayomzuia mtu hata kusikilizwa. Mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, Mahakama ya Rufani ilibatilisha sharti la kuomba kibali cha serikali kabla ya kuishtaki, na katika shauri la Ndyanabo ilibatilisha sharti lililomtaka mlalamikaji wa uchaguzi aweke dhamana ya shilingi milioni 5 ndipo shauri lake lisikilizwe. Majaji waliona kwamba haki ya kufika mahakamani haiwezi kutegemea hisani ya mshtakiwa wala mfuko wa mlalamikaji.

Halafu kuna kushinda bila kulipwa. Tuzo ya CMA hukaziwa, yaani hutekelezwa kwa nguvu, kupitia mahakama kama hukumu, na mshindi ndiye anayepaswa kuonyesha mali za kukamatwa. Nimeona kampuni ikibadilisha jina huku mashine na magari yakisomeka kwa kampuni ndugu, na mshindi amekaa na tuzo yake kwenye bahasha ya kaki. Kwa hiyo ninawashauri wenzangu waanze kuandika namba za magari na jina la benki inayolipa mishahara wakiwa bado kazini.

Na kama wabunge wanasoma jarida hili, ningeomba jambo moja dogo lisilo na gharama: kila barua ya kuachishwa kazi ilazimike kutaja, kwa Kiswahili na chini ya sahihi ya mwajiri, ofisi ya CMA iliyo karibu na tarehe ya mwisho ya kupeleka malalamiko, na mwajiri asiyetaja hayo asiruhusiwe kuleta pingamizi la kuchelewa.