Ishike robo saa kwanza

Mwezi wa tatu mwaka jana niliamka asubuhi nikashindwa kufungua mfuniko wa chupa ya maji. Mkono wa kulia ulikuwa unachoma upande wa kidole gumba, kuanzia kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko. Sikuwa nimeanguka wala kubeba mzigo. Nilikuwa nimecheza gemu tu, saa mbili hadi tatu kila usiku kwa wiki kama tano, kwenye mashine ya mkononi niliyojibana miezi mingi kuinunua. Ilikuwa nyembamba, inang'aa, na kioo chake kilipendeza sana.

Daktari aliniambia nikunje gumba ndani ya ngumi, halafu nipinde kifundo kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Nusura niruke kwenye kiti. Akanieleza kwamba kano mbili zinazolivuta gumba hupita kwenye ala nyembamba pale kifundoni, na zikisuguana mno ala ile hunenepa na kuzibana. Ugonjwa huo una jina la daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliyeueleza mwaka 1895. Wanaoupata sana ni kina mama wenye watoto wachanga, kwa kumnyanyua mtoto mara mia kwa siku gumba likiwa limetanuka. Nikavalishwa gango, nikakaa karibu miezi mitatu bila kugusa gemu.

Ninayoyaandika hapa niliyaokota katika miezi ile na baada yake. Rafiki yangu mmoja anacheza muda mrefu kuniliko na mkono wake ni mzima, kwa hiyo muda peke yake hautoshi kueleza yaliyonipata. Nilianza kuchunguza jinsi mikono yake inavyokaa na jinsi yangu ilivyokuwa ikikaa. Tofauti ilionekana hata kwa macho.

Jambo la kwanza ninalotazama sasa, kabla ya kioo, kabla ya nafasi ya kuhifadhia gemu, ni mahali gumba linapopumzika wakati halifanyi kitu. Acha mikono yako ining'inie, kisha uinue kama mtu anayepokea sinia. Gumba litakuwa limelala juu, limeinama kidogo, linatazama ndani na mbele. Mahali linapoangukia lenyewe ndipo panapotakiwa kuwa na kitufe au analogi (kile kijiti kifupi kinachosukumwa kwa gumba) unayoitumia zaidi. Kwenye mashine iliyoniumiza, analogi ya kulia ilikuwa chini kabisa, karibu na ukingo, chini ya vitufe vinne. Gemu nilizokuwa nacheza zinahitaji kuzungusha kamera muda wote. Maana yake gumba langu lilikuwa limekunjwa kuelekea kiganjani saa mbili mfululizo, na kila nilipotaka kuruka au kupiga nililinyoosha juu, kisha nikalirudisha. Kwa dakika moja huwezi kuhisi chochote. Dukani kila mtu anashika kwa dakika moja.

Ndiyo maana ninasema robo saa. Ukifika dukani omba uishike kwa robo saa, ukiwa umesimama, na ucheze kitu kinachotumia vidole vyote. Nilipokuwa nanunua ile ya kwanza, Kariakoo, kijana aliyekuwa ananiuzia alinigeuzia kioo: "Kaka, ona rangi hizo." Nikaona rangi, nikatoa hela. Siku hizi nikikataliwa kushika nahamia duka linalofuata, na mara nyingi napata wa kunielewa. Ukiagiza kutoka mbali, tafuta mtu mwenye mashine hiyo hiyo akuazime jioni moja. Kama hayupo, kata boksi gumu kwa vipimo vyake, chora vitufe mahali pake, ulishike. Mimi nimefanya hivyo na limenizuia kununua mara moja.

Jambo la pili ni uzito, na hapa watu wengi wanakosea. Wanasoma gramu tu. Gramu zina maana: Nintendo Switch Lite ina gramu 275 hivi, Switch 2 ikiwa na vidhibiti vyake pembeni ina 534, na Steam Deck ile ya mwaka 2022 ina 669. Hiyo ya mwisho ni sawa na pakiti ya sukari ya nusu kilo na kitunguu kikubwa juu yake. Lakini uliza pia uzito umekaa wapi na kitu gani kinaubeba. Steam Deck ina mishiko minene inayojaza kiganja, hivyo vidole vitatu vya chini vinaubeba mzigo na gumba linabaki huru. Mashine nyembamba kama sahani haina pa kushika. Unalazimika kuibana kati ya gumba na vidole ili isianguke, na gumba lile lile linalobana ndilo unalolidai lisogee haraka. Nyepesi ya bapa iliniumiza mimi, nzito yenye mishiko haijaniumiza hadi leo.

Waliotangulia walilijua hili. Game Boy ya mwaka 1989 ilikuwa tofali, nene zaidi ya sentimita tatu, na ndani ikiingia betri nne za AA. Lakini betri hizo ziliwekwa sehemu ya chini ya mgongo wake, pale pale viganja vinaposhika. Uzito ukawa ndani ya mkono. Siku ukiipata ya zamani, ishike, utashangaa jinsi inavyotulia.

Na ule msalaba wa kushoto, kitufe cha kuelekezea, ambao kila mtu anauona wa kawaida sasa, una kisa chake. Gunpei Yokoi wa Nintendo aliuweka kwenye Game & Watch ya Donkey Kong mwaka 1982. Mashine ile ilikuwa ya kukunja, na kijiti kilichosimama kisingeruhusu kifuniko kifunge. Akatengeneza kitufe kimoja chenye pande nne, kinachobonyea upande mmoja na kuinuka upande wa pili. Uzuri wake ni kwamba gumba linajua liko wapi bila jicho kuangalia. Mpaka leo nikipima mashine nafumba macho na kujaribu kwenda kulia, chini, kushoto. Nikibonyeza chini na mtu wangu akaenda chini-kulia, basi ama msalaba ni mdogo mno, ama umelegea, na nitakuwa naubonyeza kwa nguvu kupita kiasi ili nijihakikishie. Nguvu hiyo ya ziada inaishia kifundoni.

Mfano mwingine ninaoupenda ni PSP, mashine ya mkononi ya Sony. Ilipotoka Japani mwaka 2004 ilikuwa na analogi moja tu, kigingi bapa chini ya msalaba. Gemu za kuwinda mazimwi zikapata mashabiki wengi mno, na ndani yake unatembea kwa analogi na kugeuza kamera kwa msalaba, vyote upande wa kushoto. Wachezaji wakabuni mshiko wa kucha: gumba kwenye analogi, kidole cha shahada kimekunjwa kutoka juu kama ndoano kikibonyeza msalaba. Waliocheza hivyo miaka mingi wanakumbuka maumivu yake. Sony walipotoa PS Vita mwaka 2011 waliweka analogi mbili. Ninachotaka ukione hapa ni kwamba mashine ile haikuwa mbaya. Ilikuwa imekutana na gemu ambayo haikuundwa kwa ajili yake. Kwa hiyo usiulize "mashine ipi nzuri?" bila kutaja utacheza nini. Kama ni gemu za zamani za kuruka na kukimbia, msalaba ndio uwe juu, mahali gumba linapoangukia, na analogi si kitu. Kama ni mpira, mbio za magari au gemu za kufyatua risasi, analogi ndizo zikae mahali pazuri.

Mikono nayo haifanani. Mpwa wangu ana miaka kumi na mmoja, viganja vyake ni nusu ya vyangu. Nilidhani kwake kidogo ndicho kitamfaa, nikampa kimashine cha kusimama wima cha gemu za kale, chenye kioo cha chini ya inchi tatu. Mimi mwenyewe kilinishinda ndani ya dakika kumi, kwa sababu kwenye umbo dogo la wima viwiko vinajibana mbavuni na vifundo vinapinda kwenda nje. Yeye alikipenda, ila vitufe ambavyo kwa kawaida huwa ukingo wa juu viliwekwa mgongoni, na kidole chake cha shahada kilikuwa kinazunguka mashine nzima kuvitafuta. "Mjomba, hivi vya nyuma vinanipotea," aliniambia. Nikampa Switch Lite ya rafiki yangu, kubwa kuliko kile, na akakifikia kila kitufe bila shida. Udogo wa mashine na ufikaji wa vidole ni mambo mawili. Ukimnunulia mtoto, mwache ashike yeye, usishike kwa niaba yake.

Mpwa huyo anatumia mkono wa kushoto. Hilo limenifanya niiheshimu sana Atari Lynx ya mwaka 1989: unaigeuza juu chini, picha nayo inageuka, na msalaba unahamia mkono wa kulia. Ni huzuni kwamba wazo hilo halikushika. Kinachosaidia leo ni kubadilisha kazi za vitufe ndani ya mipangilio. Switch iliruhusu hilo tangu mwezi wa nne mwaka 2020, na Steam Deck inakuruhusu kupanga karibu kila kitu, pamoja na vitufe vinne vya mgongoni. Mimi nimehamishia kuruka na kukwepa kwenye vile vya nyuma, hivyo vidole vya kati ndivyo vinavyofanya kazi iliyokuwa inaliua gumba langu. Siku mbili tatu za mwanzo utakosea kosea. Vumilia, mkono unajifunza.

Sasa jasho. Sijaona likizungumzwa na watu wanaochambua mashine hizi kwenye vyumba vyenye kiyoyozi. Hapa Dar es Salaam mwezi wa kwanza umeme ukikatika, feni imesimama, plastiki inayong'aa inateleza kama sabuni. Ikiteleza unaibana zaidi bila kujua. Chagua mgongo wenye mkwaruzo, usiong'aa, au vika kava la silikoni lenye mishiko. Kava hilo lilikuwa dawa yangu ya bei ndogo kuliko zote, kwa sababu linaongeza unene pale vidole vinapokosa pa kushika. Hakikisha tu halizibi matundu ya hewa. Mashine zenye nguvu zinatoa upepo wa moto, na ukiziba matundu utapikika wewe na yenyewe.

Kuhusu analogi zenyewe, uliza zimetengenezwaje ndani. Za kawaida zina njia ya kaboni na kibati kinachoteleza juu yake. Kaboni ikilika, mashine inaona kama unasukuma wakati hujagusa, na mchezaji wako anaanza kutembea mwenyewe. Zipo zinazotumia sumaku, ambazo sehemu inayopima haigusani na kitu, hivyo hailiki kwa msuguano. Nalitaja hili kwenye makala ya starehe kwa sababu analogi iliyoharibika inakufanya ushindane nayo, gumba limekaza upande mmoja muda wote kurekebisha. Kama huwezi kuibadilisha leo, ingia kwenye mipangilio uongeze ukubwa wa lile eneo la katikati ambalo mashine hailisikilizi. Inapunguza usahihi kidogo, lakini gumba linapumzika.

Ukishainunua, namna ya kukaa ni nusu ya kazi. Nilikuwa nacheza nimelala chali, mashine juu ya uso, uzito wote umening'inia kwenye vifundo. Siku hizi nakaa, naweka mto mapajani, viwiko vinalala juu ya mto, na mashine inaegemea mto wenyewe. Vifundo vinakuwa vimenyooka, sambamba na mkono. Mwenye Switch ya kawaida ana bahati zaidi: aisimamishe mezani, achomoe vidhibiti, ashike kimoja kila mkono, mikono ikae mbalimbali anavyotaka. Hakuna mkao nilioupata wenye raha kuliko huo, na unashangaza ni wachache kiasi gani wanaoutumia. Kwenye basi la mkoani jaribu kuweka begi mapajani badala ya mto. Kila gemu inapokuwa inafunguka au unasubiri wenzako, iweke chini, fungua vidole, uvikunje, uvifungue tena.

Na tofautisha maumivu. Uchovu wa misuli ukilala unaisha. Ukiamka na maumivu upande wa gumba, au ukishtuliwa usiku na ganzi kwenye gumba, shahada na kidole cha kati, acha gemu siku hiyo hiyo uende hospitali. Ganzi hiyo inahusu neva inayopita kifundoni kuingia kiganjani, ni tatizo jingine kabisa na ninavyojua mimi halitaki kusubiriwa. Mimi nilisubiri wiki mbili nikipaka dawa ya kuchua, na wiki hizo mbili daktari alinihesabia.

Ile mashine nyembamba nilimpa binamu yangu ambaye anacheza dakika ishirini akiwa kwenye mwendokasi, anacheza gemu za kupanga maumbo, analogi ya kulia haigusi kabisa. Anaipenda. Hajawahi kulalamika.