"Anasingizia damu ya kwao"

*Shangazi, shikamoo. Nilimwoa mke wangu akiwa na kilo 65. Sasa, baada ya watoto wawili, ana 92. Tangu aanze sindano ya miezi mitatu ndiyo kabisa. Nikimsema anajibu, "Ni damu ya kwetu, mtazame mama." Mbona mimi napenda chapati na mchuzi wenye mafuta, tunakula sufuria moja, na nina kilo 63? Nikimtania "kiboko" mbele ya watoto ananuna. Nafikiria mke wa pili. – Baba Wawili*

Marahaba, mwanangu. Pole. Pole imeishia hapo.

Mkeo hasingizii. Mwaka 1986 watafiti waliwachunguza watu wazima 540 wa Denmark waliolelewa na familia zisizo zao. Unene wao ulifuata wazazi waliowazaa, si waliowalisha. Maji hufuata mkondo. Siku ya posa, mama mkwe hukumwona?

Jeni (chembe za urithi) nyingi za unene hufanyia kazi ubongoni, kwenye njaa na shibe. Aina moja ya jeni iitwayo FTO, iliyohusishwa na unene mwaka 2007, huchelewesha shibe. Wazungu wenye nakala zake mbili walikutwa na wastani wa kilo 3 zaidi ya wasio nayo. Ziko nyingine mamia, kila moja na mchango wake mdogo. Wewe unaacha kula kwa sababu umeshiba. Huenda mwenzio anaacha kula angali na njaa. Sasa mwenye nidhamu ni nani? Nyani haoni kundule.

Hata hivyo damu peke yake haipandishi kilo 27. Sindano umeitaja kijuujuu, nami nimesimama hapohapo. Huwanenepesha baadhi ya wanawake. Kabla ya kuchomwa nyingine, amwulize nesi wa uzazi wa mpango kuhusu kitanzi cha shaba, hakina homoni. Asiache tu, utaniandikia tena kuhusu mtoto wa tatu. Apimwe pia sukari, presha na tezi ya shingo.

Tuje kwenye chapati zako. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina kalori zaidi ya 8,000, na kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama 7,700. Chupa inakaa siku ngapi kwenu? Marufuku kumimina kutoka kwenye chupa: vijiko vikubwa 2 kwa sufuria ya watu wanne, kila kimoja kalori 120 hivi. Soda isiingie ndani, hata ya kwako.

Lengo la kwanza ni kilo 5, nusu kilo kwa wiki. Akipungua, leptini, homoni inayoujulisha ubongo kwamba akiba ipo, inashuka na njaa inapanda. Wengi hurudi nyuma hapo, na waume huita uroho. Mtembee pamoja nusu saa, siku 5 kwa wiki. Mazoezi hupunguza nguvu ya FTO kwa karibu robo.

Mke wa pili? Vijana wa siku hizi mnaoa picha ya simu, mnategemea isibadilike. Huyo naye atazaa, atachomwa sindano, atakupikia mchuzi uleule.

Na "kiboko" ulimwita mbele ya watoto. Radhi mwombe mbele yao hao hao, leo, kabla ya chakula cha usiku.