Bastola ya kubeba kiunoni: nianze na ala, kifyatulio au vilengeo?

Swali

Habari za kazi, fundi. Nimepata kibali cha kubeba bastola na nimenunua ndogo ya milimita 9, ya fremu ya polima. Haina sefti ya kidole gumba, ina kile kiulimi kidogo tu katikati ya kifyatulio. Aliyeniuzia alinipa ala ya kitambaa laini, akaniambia inakaa bastola yoyote. Naibeba mbele, kulia kwa kitovu, chini ya shati. Rafiki yangu ananishauri niweke kifyatulio chepesi, kwa sababu hiki nakiona kigumu na risasi zangu zinakwenda chini kushoto. Mimi mwenyewe natamani kilengeo cha nukta nyekundu, kile kioo kidogo juu ya bastola chenye nukta ya mwanga ya kulengea. Pesa ya vyote kwa mpigo sina. Kipi kitangulie, na kipi ni salama?

Jibu

Salama, ndugu yangu. Itangulie ala. Hiyo ya kitambaa iweke kando leo hii, na mpaka upate nyingine, bastola ikae kwenye kasha lenye kufuli.

Nakwambia hivyo kwa sababu ya aina ya bastola uliyonunua. Kile kiulimi kwenye kifyatulio kiliwekwa ili kifyatulio kisirudi nyuma chenyewe bastola inapoanguka au inapoguswa kwa ubavu. Hakina uwezo wa kujua kama kinachokibonyeza ni kidole chako, pindo la shati au kifungo cha kamba ya koti. Chochote kinachosukuma uso wa kifyatulio kinasukuma na kiulimi pamoja nacho. Kwa hiyo kwako wewe, sefti ya kweli wakati wote bastola iko kiunoni ni ule ukuta wa ala unaofunika kifyatulio. Ukuta huo ukiwa wa kitambaa, huna ukuta.

Usiniamini kwa maneno, jaribu mwenyewe. Toa magazini. Vuta nyuma slaidi, kile kipande cha juu kinachoteleza, angalia kwa macho ndani ya chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kisha ingiza ncha ya kidole uhakikishe hamna risasi. Risasi zote zipeleke chumba kingine. Sasa koki bastola tupu, yaani vuta slaidi nyuma na uiachie, iingize kwenye ala hiyo ya kitambaa, elekeza mtutu upande ambao hamna mtu wala ukuta mwepesi, halafu bonyeza kwa kidole gumba kutoka nje, pale palipo kifyatulio. Ukisikia "tak", hiyo ingekuwa risasi. Fikiria kona ya meza, mkanda wa usalama wa gari, au mtoto anayekukumbatia kwa nguvu.

Ngozi nayo ina hadithi yake. Mteja mmoja aliniletea bastola akilalamika kwamba haiingii vizuri kwenye ala yake ya ngozi, ala nzuri iliyotengenezwa kwa mkono, aliyoivaa miaka sita. Niliiweka kwenye mwanga wa taa ya mezani. Mdomo wa ala ulikuwa umelainika kwa jasho na kujipinda, na upande wa ndani pamejitokeza mkunjo wa urefu wa kiungo kimoja cha kidole, unaotazama ndani kama ulimi. Nikahakikisha bastola ni tupu, nikaikoki, nikaisukuma polepole. Zikiwa zimebaki milimita chache ikae, ule mkunjo ukaingia kwenye kikingio cha kifyatulio, ile pete inayokizunguka, na pini inayogonga risasi ikafyatuka. Yule bwana hakusema neno. Alikuwa amekuja kuomba nimpanulie ala. Ngozi yenyewe haina kosa. Ngozi ngumu, nene, iliyoimarishwa mdomoni kwa ukanda wa pili au bamba jembamba la chuma, ni ala salama. Lakini ngozi huchakaa, na mwenye nayo lazima aukague mdomo wake kila wiki. Ukianza kupinda kuelekea ndani, ala imestaafu.

Kwa mtu anayeanza, mimi hupendekeza plastiki ngumu, hasa aina ya Kydex. Ni bamba linalolainishwa kwa moto na kubanwa juu ya umbo la bastola yenyewe, kisha likipoa halibadiliki. Mdomo unabaki wazi hata bastola ikiwa nje, kwa hiyo unarudisha kwa mkono mmoja bila kupanua kitu. Ila iwe imetengenezwa kwa bastola yako hasa, kwa jina na kwa ukubwa. Neno "inakaa bastola yoyote" ni sababu tosha ya kuirudisha dukani.

Ukiishika mpya mkononi, tazama mambo haya. Kikingio cha kifyatulio kifunikwe chote, pande mbili na chini, pasiwe na tundu la kupitisha hata kalamu. Bastola ikikaa uisikie ikijifunga. Ikiwa tupu, igeuze kichwa chini juu ya godoro na uitikise kwa nguvu. Ikidondoka, kaza skrubu ya kubana au tafuta nyingine. Kisha vuta bastola kama unavyoichomoa kweli. Ala ibaki kwenye mkanda. Nimeona watu wakichomoa bastola na ala yake kwa pamoja kwa sababu kipini cha kushikia mkanda kilikuwa cha plastiki nyembamba. Hapo ndipo mkanda unapohusika. Mkanda laini wa suruali ya ofisini unaiacha bastola inesenese na kuinama, nawe unaishika-shika siku nzima kuirekebisha. Kila kuishika bila sababu ni nafasi ya ajali. Nunua mkanda mgumu pamoja na ala, uhesabu kama kitu kimoja.

Ukiwa na tochi chini ya mtutu, ala ni nyingine kabisa. Ala za bastola zenye tochi huikamata tochi badala ya kikingio, kwa hiyo mdomo wake huwa mpana, na baadhi zinaacha mwanya ambao ncha ya kidole inafika kwenye kifyatulio bastola ikiwa imekaa. Ijaribu kwa kidole chako, bastola ikiwa tupu. Kama hakuna ulazima wa tochi kiunoni, iache nyumbani. Mfukoni je? Inawezekana, mradi kuwe na ala ya mfukoni na mfuko huo usiwe na kitu kingine chochote, hata ufunguo mmoja.

Sasa kubeba mbele. Sikukatazi, lakini jua mtutu unaangalia wapi: paja, na mshipa mkubwa wa damu unaopita hapo. Ajali nyingi ninazozijua mimi za bastola ya kiunoni zimetokea wakati wa kuirudisha, si wakati wa kuichomoa. Mtu ana haraka, au anaona aibu kutazama chini. Kurudisha hakuna mashindano. Inua shati juu kabisa kwa mkono wa pili, tazama mdomo wa ala kwa macho, kidole kilale juu kwenye fremu, sukuma nyonga mbele kidogo ili mtutu uelekee mbali na mwili, ingiza taratibu. Ukihisi kizuizi chochote, simama. Usisukume. Toa, tazama, anza upya. Kwa anayebeba mbele kama wewe, iko njia bora zaidi asubuhi na jioni: toa ala yote kwenye mkanda, ingiza bastola humo mbali na mwili wako, kisha vaa ala ikiwa na bastola ndani. Vilevile jioni, vua ala nzima bila kuichomoa bastola, na vyote viwili viingie kwenye kasha.

Nije kwenye kifyatulio. Rafiki yako anakupenda, lakini hapo amekosea. Kifyatulio cha Glock ya kawaida huvutwa kwa takriban kilo 2.5, na bastola nyingi za aina yako ziko karibu na hapo. Rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka, inayovutwa kwa mvuto mrefu hufika kilo 4.5 hadi 5.5. Uzito huo una kazi: unakupa muda wa kuhisi kwamba kidole kipo mahali kisipotakiwa. Nakiri pia kwamba uzito ukizidi unaharibu shabaha. Polisi wa jiji la New York kwa miaka mingi walipewa Glock zenye kifyatulio cha kama kilo 5.4, na wapigaji wengi walikilalamikia kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo sitakwambia ukiongeze. Kiache kama kilivyotoka kiwandani.

Sababu yangu kubwa si uzito peke yake. Vifaa vya kupunguza uzito kwa kawaida vinabadilisha springi, na mojawapo huwa ni ya kile kizuizi cha pini ya kufyatulia, kipande kidogo kinachozuia pini isisogee mpaka kifyatulio kivutwe hadi mwisho. Ukilegeza springi hiyo au ukasugua ukingo wa kizuizi ili uteleze, unapunguza ulinzi wa bastola inapoanguka. Hata uzito wa kifyatulio chenyewe kama kipande una maana. Mwaka 2017 kampuni ya silaha ya SIG Sauer ilitangaza marekebisho ya hiari kwa bastola zake za P320, baada ya kuonekana kwamba ikianguka kwa pembe fulani, kwa kisogo cha slaidi, inaweza kufyatuka. Bastola inasimama ghafla chini, kifyatulio kwa uzito wake kinaendelea na safari. Miongoni mwa marekebisho ilikuwa kuweka kifyatulio chepesi kwa umbo. Sasa mtu anayeng'oa kifyatulio cha plastiki akaweka cha chuma kwa sababu kinapendeza, amebadilisha hesabu ambayo wahandisi waliipiga na kuijaribu, naye hana pa kuijaribu.

Kama kifyatulio chako kinakwaruza au kinasita, hilo ni jambo jingine, mpelekee fundi anayetumia vipuri vya kiwandani. Na bastola yoyote iliyopita mikononi mwa fundi, muombe akuonyeshe jambo moja kabla ya kuondoka: slaidi ikiwa imevuliwa na kizuizi kikiwa hakijabonyezwa, asukume pini kutoka nyuma. Ncha yake isichomoze hata kidogo. Asipokubali kukuonyesha, hiyo ndiyo mara ya mwisho kumpa bastola yako.

Risasi kwenda chini kushoto, kama unatumia mkono wa kulia, mara nyingi zinatoka mkononi. Unapovuta, vidole vyote vinakaza pamoja na kifyatulio, na mtutu unazama kabla risasi haijatoka. Dawa yake haina gharama. Bastola tupu, iliyokaguliwa mara mbili, risasi chumba kingine, risasi bandia za mazoezi kwenye chemba. Muombe mtu akuwekee sarafu juu ya slaidi, nyuma ya kilengeo cha mbele. Vuta mpaka pini ifyatuke bila sarafu kuanguka. Dakika kumi kila jioni kwa wiki tatu, halafu uniambie kama kifyatulio bado ni kigumu.

Vilengeo. Bastola fupi haisamehe. Ikiwa umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma ni sentimita 15, kosa la milimita moja kwenye kulenga linakuwa karibu sentimita 7 ukiwa mita 10. Kwa hiyo unachohitaji ni kilengeo cha mbele ambacho jicho linakidaka upesi: kinene, chenye rangi kali, na cha nyuma kiwe cheusi kitupu, chenye mfereji mpana wa kuona mwanga pande zote mbili. Nukta tatu nyeupe zinazofanana zinachanganya jicho lililoshtuka. Wengi hupaka wino mweusi mbili za nyuma, nami naunga mkono. Vilengeo vya tritiamu, gesi yenye mnururisho, vinang'aa gizani bila betri, lakini mwanga wake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi, kwa hiyo angalia tarehe ya kutengenezwa kabla ya kulipia. Kingo za pembeni ziwe laini zisinase shati, ila uso wa mbele wa kilengeo cha nyuma uwe wima, ili mkono mmoja ukiumia uweze kukoki kwa kukisukuma dhidi ya mkanda.

Nukta nyekundu ni kitu kizuri, hasa kwa macho yasiyoona tena kilengeo cha mbele vizuri, na sikuvunji moyo. Lakini inaleta kazi. Skrubu zake zikazwe kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji, kwa gundi ya skrubu, kisha chora mstari wa rangi kutoka kwenye skrubu hadi kwenye mwili wa kilengeo. Mstari ukikatika, skrubu imesogea. Betri ibadilishwe kwa tarehe, si kwa kusubiri izime. Kwenye aina iliyo wazi, pamba ya nguo inaziba tundu la mwanga na nukta inapotea. Kwa kubebwa ndani ya shati ningechagua iliyofungwa kama kisanduku. Nukta ya dakika 3 za pembe, kipimo kinachotumika kutaja ukubwa wa nukta, inafunika kama sentimita 2.2 ukiwa mita 25, inatosha kabisa. Ukiiona kama nyota yenye miiba au kama mkia, tazama kwanza kupitia tundu dogo kwenye karatasi. Ikiwa duara, shida iko kwenye jicho lako na duka halina kosa. Na vilengeo vya chuma vibaki, virefu vya kutosha kuonekana kupitia kioo. Ala yako mpya nayo lazima iwe imekatwa juu kupisha kilengeo hicho, kwa hiyo hata kama hutakinunua mwaka huu, nunua ala iliyokatwa hivyo tayari.

Leza niiache. Inafundisha jicho kuitafuta ukutani badala ya kulenga.

Pesa uliyonayo sasa, basi, igawe kwenye ala na mkanda mgumu, inayobaki kwenye risasi bandia na za mazoezi. Kilengeo cha nukta nyekundu kisubiri mpaka sarafu iwe imetulia juu ya slaidi. Kwenye kifyatulio usitoe hata senti. Ukiniandikia tena, nitajie jina kamili la bastola, kama ina tochi, na unatumia mkono upi, nikutajie maumbo ya ala yanayoikaa. Na ikifika, kabla hujarudisha risasi kwenye magazini, fanya tena lile jaribio la kidole gumba.